Mama Mjamzito, Upimwe Sukari au Usipimwe?

Na mganga wa zahanati

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa usiouma. Hauleti homa. Hauleti kikohozi. Mama anao, naye analima, anateka maji, anapika na kucheka na wenzake. Ugonjwa huo ni kisukari cha mimba.

Watu wengi husema kisukari ni ugonjwa wa wazee wa mjini wenye vitambi. Sivyo. Mwaka 2021 Shirikisho la Kisukari Duniani lilikadiria kwamba katika kila watoto 6 wanaozaliwa hai duniani, 1 alikuwa tumboni mwa mama mwenye sukari nyingi kuliko inavyotakiwa. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, na wanawake wa vijijini wamo.

Babu na bibi zetu waliokuwa katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Kisha walishika majembe wakachimba vyoo. Maadui wao wengi walionekana: mbu, maji machafu, kinyesi porini. Adui wa leo haonekani mpaka mtu atolewe damu kidogo.

Ukienda kliniki ya wajawazito unaweza kuulizwa: "Mama, utakubali kupimwa sukari?" Akina mama wengi hujibu upesi. Mmoja anasema ndiyo, kwa sababu aliyeuliza amevaa koti jeupe. Mwingine anasema hapana, kwa sababu jua limepanda na watoto wamebaki peke yao nyumbani. Mimi naona wote wawili wamejibu kabla ya kujua wameulizwa nini. Damu ni yako na mtoto ni wako. Basi soma kwanza, ukaamue ukiwa nyumbani, siyo kwenye benchi la kliniki.

SUKARI YA DAMU NI NINI?

Ugali tunaokula, wali, ndizi, viazi na mihogo, vyote vikifika tumboni hugeuka sukari. Sukari hiyo huingia katika damu. Damu huipeleka mwilini kote ili tupate nguvu za kulima na kutembea. Kwa hiyo sukari katika damu si kitu kibaya. Bila hiyo tungekufa.

Lakini sukari haiwezi kuingia yenyewe katika nyama za mwili. Inahitaji kufunguliwa mlango. Ufunguo wa mlango huo unaitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ufunguo ukiwa mchache, au mlango ukiwa mgumu, sukari hubaki nje, ndani ya damu, ikazidi kujaa.

Mama anapokuwa na mimba, kondo la nyuma hutoa vichocheo vya kumsaidia mtoto akue. Vichocheo hivyo hivyo huufanya mlango kuwa mgumu. Kongosho la mama wengi huongeza funguo, na mambo huenda sawa. Kongosho la mama wengine hushindwa. Hapo sukari hupanda, nacho ndicho kisukari cha mimba. Kwa kuwa kondo hukua pamoja na mimba, shida hii hujitokeza zaidi mimba ikiwa imepita nusu.

Umeona basi kwamba ugonjwa huu haukuletwa na chai tamu peke yake. Mama anayekunywa chai ya chumvi anaweza kuupata. Mama mkwe asimwambie mkwewe, "Umejitakia." Hakujitakia.

MTOTO MKUBWA

Katika vijiji vyetu mtoto mkubwa ni sifa. Akizaliwa na kilo 4 na nusu, bibi humbeba akamzungusha nyumba hadi nyumba. Nami napenda kuona mtoto mwenye afya. Lakini ukubwa una namna mbili.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Sukari ikizidi, kongosho dogo la mtoto hulazimika kufanya kazi ya ziada, likatoa insulini yake nyingi. Insulini hiyo humnenepesha. Mafuta hujaa mabegani na tumboni. Huyo si mtoto aliyekua tu. Ni mtoto aliyenoneshwa.

Siku ya kuzaliwa, kichwa kinatoka. Kila mtu anafurahi. Kisha mabega yanakwama ndani, nyuma ya mfupa wa nyonga. Wakunga wanaijua saa hiyo. Hakuna muda wa kutafuta gari. Ni dakika chache tu, na mtoto hawezi kupumua. Mkunga aliyefundishwa anajua namna ya kumkunja mama miguu na kulitoa bega, lakini hata akifaulu, mtoto anaweza kuvunjika mfupa au kubaki na mkono uliolegea. Mama naye anaweza kuchanika vibaya na kutoka damu nyingi.

Tena hatari haiishi hapo. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafula. Insulini ya mtoto bado ni nyingi. Sukari ya mtoto hushuka. Analegea, anatetemeka, hataki kunyonya, na asiposaidiwa anaweza kupata degedege. Mtu asiyejua atasema mtoto huyu mkubwa amechoka tu, aachwe alale.

Mama mwenye kisukari cha mimba yuko pia katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Na wako watoto wanaofia tumboni, hasa sukari ikiwa juu sana na bila matibabu.

Mama mmoja alikuja kliniki akiwa na mimba ya nne. Mtoto wake wa tatu alizaliwa amekufa, naye alikuwa mkubwa, kilo 4 na nusu. Majirani walisema kuna mkono wa mtu. Mumewe alitumia pesa za pamba zote kwa mpiga ramli, wakagombana na shangazi yao mpaka leo. Nilipouliza habari za ndugu zake, alisema dada yake ana kisukari. Nikamweleza juu ya kipimo. Akauliza, "Kikionyesha sukari, ndiyo kusema mimi nilimwua mtoto wangu?"

Nilimjibu hapana. Ikiwa mtoto yule alikufa kwa sababu ya sukari, hakuna awezaye kusema sasa, kwa maana mama hakupimwa wakati ule. Na hata kama angekuwa nayo, sukari haichukui ruhusa kwa mama. Alikaa kimya muda mrefu. Juma lililofuata alikwenda hospitali ya wilaya pamoja na mumewe. Asubuhi kabla ya kula, namba yake ilikuwa 5.8. Nitawaeleza hapa chini maana ya namba hiyo.

DALILI HAZITOSHI

"Nitajuaje kama ninayo?" Mara nyingi hutajua. Kiu, uchovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara ni dalili za kisukari. Lakini ni mjamzito gani asiyechoka na asiyeamka usiku kukojoa? Dalili hizi haziwezi kukupa jibu.

Wengine husema, "Mimi nilipimwa mkojo, ukawa safi." Mkojo hupimwa kwa sababu nyingine nyingi nzuri, usikatae. Ila kwa jambo hili mkojo hudanganya. Wakati wa mimba figo za mama mzima huweza kupitisha sukari kwenye mkojo hali damu yake ni nzuri. Na mama mwenye kisukari cha mimba anaweza kuwa na mkojo usio na sukari. Kipimo cha kweli ni cha damu.

Mama yeyote anaweza kupata kisukari cha mimba. Walio katika hatari zaidi ni aliyewahi kuwa nacho katika mimba iliyopita, aliyezaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, aliyezaa mtoto mfu bila sababu kujulikana, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari, mwenye mwili mnene sana, mwenye shinikizo la damu, na mwenye umri uliosogea. Ukijiona humo, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki. Usingoje akuulize. Wewe upimwe mapema, na kama damu ni nzuri upimwe tena mimba ikikua. Wengine wapimwe kati ya wiki ya 24 na ya 28, yaani mwezi wa 6 au wa 7 hivi. Ukichelewa, bado uliza. Kuchelewa si sawa na kukosa kabisa.

JINSI KIPIMO KILIVYO

Usiku wa kuamkia siku hiyo hutakula kitu. Maji matupu unaweza kunywa. Asubuhi wanatoa damu kidogo. Kisha wanakupa kinywaji cha glukosi, gramu 75 katika maji, unywe katika dakika 5. Ni kitamu mno, kinachefua. Ukikitapika, sema, usifiche. Kipimo kitarudiwa siku nyingine. Unakaa, huli, huendi sokoni. Damu inatolewa tena baada ya saa 1, na tena baada ya saa 2. Basi, unakwenda kula.

Usijaribu kukoroga sukari ya dukani nyumbani na kunywa njiani. Sukari ya dukani ni mchanganyiko, nusu yake tu ndiyo glukosi. Kipimo kitatoa jibu la uongo.

Si kila zahanati inaweza kufanya kipimo hiki chote. Zahanati nyingine ina kile kimashine kidogo cha kupima tone la damu ya kidole. Kimashine hicho kinaweza kuonyesha sukari iliyo juu sana, lakini kwa jibu kamili utaelekezwa kituo cha afya au hospitali. Uliza mapema mambo matatu: wanapima siku gani, wanafungua saa ngapi, na kuna malipo au hakuna. Nimeona akina mama wakitembea na njaa tangu alfajiri, wakafika siku ambayo mpimaji hayupo. Mama wa namna hiyo harudi tena, nami simlaumu.

SOMA NAMBA YAKO MWENYEWE

Wewe uliyejifunza kusoma, hapa ndipo mahali pa kutumia elimu yako. Usikubali kuambiwa tu "iko sawa" au "si nzuri". Omba uonyeshwe namba, nayo iandikwe kwenye kadi yako.

Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo hivi mwaka 2013. Kabla ya kula, namba ikiwa 5.1 hadi 6.9, ni kisukari cha mimba. Saa 1 baada ya kunywa glukosi, ikifika 10.0 au kupita, ni kisukari cha mimba. Saa 2 baada ya kunywa, ikiwa 8.5 hadi 11.0, ni kisukari cha mimba. Inatosha namba moja tu kati ya hizo tatu kuwa juu. Kama kabla ya kula imefika 7.0, au baada ya saa 2 imefika 11.1, hiyo ni sukari ya juu zaidi, ni kisukari kamili. Mama huyo asirudi nyumbani kungoja mwezi ujao. Aonwe na daktari mara moja.

Mashine nyingine huandika kwa kipimo kingine. Ukiona 92 badala ya 5.1 usishtuke. Ni kitu kile kile, kama maili na kilometa.

Sasa rudi kwa mama yule wa 5.8. Umeona? Alikuwa nacho.

Pengine utauliza, mwenye 5.0 ni mzima kabisa na mwenye 5.1 ni mgonjwa? Swali zuri. Mwaka 2008 ulitolewa uchunguzi uliofuata zaidi ya wanawake 23,000 katika nchi 9. Ulionyesha kwamba hatari hupanda polepole kadiri sukari inavyopanda. Hakuna ngazi moja ambapo juu ni hatari na chini ni salama. Wataalamu walichora mstari kwa sababu mstari lazima uwepo mahali fulani. Kwa hiyo mwenye 5.1 asilie kama amefiwa, na mwenye 5.0 asinunue soda kreti zima.

WANAOKATAA, NA SABABU ZAO

Siwacheki wanaokataa. Wana sababu, na nyingine ni za maana.

Wa kwanza anasema: "Ni mbali, nina kazi." Hilo ni kweli. Ni asubuhi nzima, na nauli, na njaa. Ndiyo maana nasema mipango ianzie nyumbani. Baba, hapa nawe usome. Siku hiyo wewe ndiye wa kubaki na watoto na kupika uji. Ikiwezekana umsindikize, maana jibu likija litawahusu wote wawili.

Wa pili anasema: "Wakinikuta nacho watanichana tumbo." Hofu hiyo ni kubwa vijijini. Nchini Australia na Uingereza walifuatwa wanawake 1,000 wenye kisukari cha mimba, na matokeo yakatangazwa mwaka 2005. Nusu walipewa ushauri wa chakula, wakapimwa sukari, na waliohitaji wakapewa insulini. Nusu walipata huduma ya kawaida tu. Waliozaa kwa kupasuliwa walikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili, kama 31 katika kila 100. Lakini tazama watoto. Upande wa waliotibiwa, mtoto 1 katika kila 100 alipata madhara makubwa, kama kufa, bega kukwama, mfupa kuvunjika au mkono kupooza. Upande wa pili walikuwa 4 katika kila 100. Na watoto wa kilo 4 au zaidi walikuwa 10 kwa 100 upande wa waliotibiwa, na 21 kwa 100 upande wa pili.

Hesabu hizo nazitaja kamili ili msidhani naficha kitu. Mnaona kwamba hata upande wa wasiotibiwa, watoto 96 kati ya 100 hawakupata madhara hayo. Ndiyo maana jirani yako anaweza kusema, "Mimi sikupimwa, na mwanangu yuko shule." Anasema kweli. Tena waliotibiwa walianzishiwa uchungu kwa dawa wengi zaidi kuliko wenzao. Hilo nalo ujue kabla ya kukubali. Mimi nikipima, hatari 4 na hatari 1, na tumbo ni la dada yangu, ningemwambia akapimwe. Zaidi ya hapo uamuzi ni wake.

Wa tatu husema kwa sauti ya chini: "Watu wakijua nina kisukari, mume wangu ataoa mwingine." Mama, jibu lako ni siri yako na la wahudumu wako. Hakuna ruhusa ya kulitangaza kwenye foleni. Likitangazwa, lalamika kwa mganga mfawidhi. Na mume ajue kwamba ugonjwa huu hauambukizi, haukutokana na uasherati, na kwa mama wengi huondoka mtoto akizaliwa.

Wa nne ndiye ananisumbua zaidi. Anasema: "Nikijua nitafanya nini? Mimi ni maskini." Huyo ameuliza swali kubwa kuliko wote. Kipimo bila kitendo ni karatasi tu. Basi tuone kitendo.

CHAKULA NI KILE KILE

Mama wengi wenye kisukari cha mimba hutengenea kwa kubadili chakula na kutembea tu. Hakuna chakula cha ajabu cha kununua mjini. Vyakula ni vile vile vya shambani. Kinachobadilika ni kiasi.

Ugali usiuache. Ule ulio na ukubwa wa ngumi yako. Unga wa dona ni mzuri kuliko sembe, na ni rahisi pia. Mboga za majani, mchicha, matembele, mlenda, kisamvu, zijaze nusu ya sahani. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai au kuku. Mjamzito anaruhusiwa kula mayai. Habari kwamba mtoto atazaliwa bila nywele tuziache kwa wasimuliaji wa hadithi.

Lipo jambo dogo linaloharibu mpango huu. Wengi wetu hula sinia moja. Mikono sita ndani ya sinia, nani anajua amekula ngumi ngapi? Mama mwenye sukari atengewe bakuli lake. Asifikiri anatengwa. Awaambie wenzake kwa nini, au amwambie mama mkwe amsemee. Mama mkwe akielewa, nyumba nzima imeelewa.

Aache soda, juisi, muwa na sukari ya kwenye chai na uji. Asali ni sukari pia, ingawa nyuki hana duka. Tunda ale, lakini moja kwa wakati, si maembe matano chini ya mti. Asikae na njaa siku nzima kisha ale mlima wa wali usiku. Agawe chakula mara nyingi kidogo kidogo. Baada ya kula atembee taratibu robo saa, ila kama mkunga amemkataza kutembea. Na asijipunguzie chakula mpaka akakonda. Mtoto bado anahitaji kula.

INSULINI

Baada ya wiki moja au mbili damu hupimwa tena. Kama namba bado ziko juu, daktari anaweza kuongeza dawa, na mara nyingi dawa hiyo ni insulini ya sindano. Mama yule wa 5.8 alifika hapo. Alikula vizuri, alitembea, namba ikakataa kushuka. Akaandikiwa insulini.

Watu husema ukianza sindano hutaacha maisha. Kwa kisukari cha mimba, wengi huacha siku ile ile ya kujifungua. Insulini haimlevyi mtu wala haimdhuru mtoto. Sindano ni fupi na nyembamba, mama hujidunga mwenyewe chini ya ngozi. Lakini insulini inataka heshima. Ukidunga bila kula, sukari itashuka mno, utatokwa jasho, utatetemeka na unaweza kuzimia. Dalili hizo zikikupata, kunywa maji ya sukari mara moja. Hapo sukari ndiyo dawa.

Insulini huharibiwa na joto. Chupa usizotumia bado zinatakiwa kukaa kwenye jokofu, na zahanati yenye jokofu inaweza kukutunzia. Chupa unayotumia, kama huna jokofu, iweke katika chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ulioloweshwa maji, kivulini. Baridi ile inayopooza maji ya mtungi itaipooza na dawa. Usiiache juu ya bati wala karibu na jiko.

UTAZALIA WAPI?

Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya kipimo kwa mtu wa kijijini. Mama wa mjini akipata shida ana hospitali karibu. Wewe kati yako na chumba cha upasuaji kuna mto, mlima au barabara ya mvua. Zahanati yetu haina upasuaji. Ukijua mwezi wa 7 kwamba una sukari, una miezi miwili ya kujipanga. Ukijua usiku wa uchungu, una dakika.

Mwenye kisukari cha mimba asizalie nyumbani, na asizalie zahanati kama anaweza kufika mahali penye daktari na upasuaji. Familia iweke fedha mapema. Ijue gari au pikipiki ni ya nani. Mahali penye nyumba ya kusubiria kujifungua, mama aende akakae huko siku zikikaribia. Kadi yake aishike yeye, isibaki kabatini.

Mtoto akizaliwa, anyonye katika saa ya kwanza. Mengine yasubiri, hata kuogeshwa. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, ndiyo yanayozuia sukari yake isishuke. Msiyakamue na kuyamwaga. Wahudumu watampima mtoto sukari kwa tone la damu ya kisigino. Mruhusuni.

Mama wa 5.8 alisubiri karibu na hospitali juma moja na nusu. Alizaa msichana wa kilo 3 na gramu 400, kwa njia ya kawaida. Mtoto alilia kabla hajafikishwa kifuani.

BAADA YA HAPO

Wengi husahau sehemu hii kwa furaha. Sukari huondoka, lakini imekuonyesha njia inayopitia. Mama aliyewahi kuwa na kisukari cha mimba ana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Apimwe tena wiki ya 6 hadi ya 12 baada ya kujifungua. Siku hizo utakuwa unampeleka mtoto chanjo, basi uliza siku hiyo hiyo. Baadaye upimwe angalau mara moja kila miaka 3, na mapema kabisa katika mimba nyingine. Kunyonyesha kunasaidia mwili wako pia.

Kadi ya mimba usiitupe wala usifungie karanga. Iweke pamoja na kadi ya chanjo ya mtoto, ili namba yako ionekane utakapokwenda kliniki tena.